Sentensi Zisizo na Vichwa

Chumba cha dobi cha hoteli ile kilikuwa upande wa nyuma, chini ya ngazi za zege, kikipakana na ua wa kupokelea mizigo. Niliishi juu yake msimu mzima, katika chumba ambacho wageni wengine hawakupewa kwa sababu sakafu yake ilikuwa na joto tangu asubuhi na mashine zilinguruma chini ya kitanda. Mimi nilikipenda. Mtu wa safari hutafuta mahali penye kelele zisizomhusu, alale nazo kama wengine wanavyolala na mvua.

Kelele zile hazikukaa muda mrefu bila kunihusu. Nilishuka na mashati yangu, nikakuta wanawake kadhaa ndani ya mvuke, na aliyenipokea bila kuniangalia usoni alikuwa Mama Shuka. Aliangalia kola. Akageuza pindo za mikono, akanusa kwapa la shati la pili, akasema, "Wewe unaandika kwa wino na unakula umesimama." Yote mawili yalikuwa kweli.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vidole vilivyokauka kwa sabuni na sauti iliyozoea kushindana na mota. Jina la Mama Shuka halikutokana na mtoto. Walimpa wenzake baada ya kwenda naye kwenye harusi ya mbali, wakalazwa nyumba ya wageni, naye akakataa kulala mpaka alipokwishatandua vitanda vyote, akavikung'uta na kuvitandika upya, pamoja na cha bwana harusi. Mumewe, fundi baiskeli, alisema hilo si jambo la kushangaza, kwani usiku wa harusi yao wenyewe alifanya vilevile.

Hoteli ilikuwa imenunuliwa na kampuni yenye hoteli nyingine huko na huko, na kampuni ikaja na utaratibu wake. Kila idara lazima iwe na msimamizi anayeweza kuongea Kiingereza, aweze kujibu simu za makao makuu na kusikilizana na wageni. Meneja alishuka kuwaeleza watu wa dobi. Alifuta miwani, mvuke ukaitia ukungu tena, akaamua kuivua kabisa na kuongea na vivuli.

"Atakuja mkaguzi," alisema. "Atafanya usaili kwa Kiingereza. Akipatikana mmoja wenu wa kumjibu, huyo ndiye msimamizi na chumba kinaendelea. Asipopatikana, mashuka yote yatabebwa na lori kwenda kufuliwa kwenye kiwanda cha nje ya mji, na hapa patafungwa. Sisemi mimi. Umesema waraka."

Aliyemjibu alikuwa Bi Pasi, mkubwa wao kwa umri, ambaye hakuwahi kuiweka chini pasi yake kwa ajili ya mkubwa yeyote.

"Na huo waraka," aliuliza, "shati lake limepigwa pasi na nani?"

Meneja akatabasamu kwa aibu, akapanda ngazi. Alipotoweka, macho yote yakamgeukia Mama Shuka.

"Mnaniangalia nini?"

"Wewe unasoma zile lebo za ndani ya kola," Bi Pasi alisema. "Maji baridi, maji moto, usikamue. Zote Kiingereza."

"Lebo haiulizi swali, dada."

"Ndiyo maana tunakupa muda. Mimi kwa umri huu nani ataniajiri? Pasi yenyewe imenizoea, ikinyanyuliwa na mwingine inaunguza. Nenda kasome."

Hivyo ndivyo Mama Shuka alivyojikuta kila alasiri, akitoka kazini, anaketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni. Darasa lilikuwa la shule ya msingi iliyo nyuma ya hoteli, ambayo watoto wakishaondoka iliachwa kwa watu wazima: mlinzi wa benki, muuza simu, dereva mmoja aliyesinzia na wengine waliokuja na kuacha. Mwalimu wao aliitwa Nukta. Kila alipomaliza kuandika sentensi ubaoni alirudi nyuma hatua moja, akaitazama, kisha akaipiga nukta ya mwisho kwa chaki kama anayepigilia msumari. Chaki ilikatika mara nyingi. Alikuwa mtu mwema na alipenda kazi yake.

Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake siku mbili tatu, kwa udaku wa mtu aliyejifunza lugha kadhaa na hakuna hata moja aliyojifunza vizuri. Nyingine nilifundishwa na mama mwenye nyumba aliyenipigia kelele, nyingine na askari wa mpakani, nyingine na watoto waliokuwa wakinicheka. Kwa Mwalimu Nukta mambo yalikwenda kwa mpangilio. Alianza na mimi, wewe, yeye. Hapo hapo mgogoro ukazuka, maana yeye wetu ni mmoja tu, awe bibi au bwana, ilhali Kiingereza kinataka ujue kwanza kama ni mwanamume au mwanamke kabla hujamsema. Mlinzi wa benki alimtaja mkewe kama mwanamume wiki nzima.

"Mkeo akisikia hivyo atakufukuza," Mama Shuka alimwambia.

"Kiingereza hajui."

"Wewe je?"

Mama Shuka mwenyewe alilipenda somo la *a* na *the*, ambalo wengine waliliona la kuchosha. Mwalimu alieleza kwamba kitu usichokifahamu bado hupewa *a*, na mkishafahamiana kinapandishwa cheo, kinaitwa *the*. Mama Shuka akanyoosha mkono. "Kama mgeni wa hoteli," alisema. "Siku ya kwanza ni mgeni tu, mmojawapo. Siku ya pili ndiye yule mgeni anayefutia viatu kwa taulo." Mwalimu akasema mfano huo atautumia mpaka astaafu. Ile *s* inayobandikwa kwenye kitenzi mtendaji akiwa mmoja wala si mimi wala si wewe, hiyo Mama Shuka aliipoteza kila siku kama soksi ya mgeni. Lakini alikuwa akipata mengine.

Tena alikuwa nyota wa darasa, na hapo ndipo mkasa ulipojificha.

Mwalimu Nukta alifundisha kama wengi wetu tulivyofundishwa. Alianza sentensi yeye, akaipandisha sauti, akaiacha hewani ikining'inia, akafungua kiganja, na darasa zima likaidaka na kuimalizia. Nani kati yetu hakukulia kwenye wimbo huo? Kitenzi ni neno linaloeleza ten...? Na watoto hamsini wanajibu: do. Ndivyo alivyofanya na Kiingereza. *She washes the...?* "Clothes!" *Every day I go to the...?* "Market!" Katika kuitikia huko hakuna aliyemfikia Mama Shuka. Sauti yake iliyolelewa na mashine iliwafunika wote, na mara nyingine aliidaka sentensi kabla Mwalimu hajafika nusu. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. "Mama Shuka ameiva," alisema.

Habari ikafika dobi kwamba Mama Shuka ameiva. Bi Pasi akaanza kutembea kifua mbele.

Aliyegundua ni mumewe. Jumapili moja mchana fundi baiskeli aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, mikono ikiwa bado na grisi, akajitolea kuwa mkaguzi. Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani, maneno machache ya kuuzia mipira na mnyororo, lakini alikuwa mtu wa kujiachia. Akamtakia mkewe asubuhi njema kwa Kiingereza. Mkewe akaitikia. Akamuuliza hali. Akaitikia pia. Kisha fundi akanyamaza, akisubiri. Mama Shuka naye akanyamaza, akisubiri. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akawatazama akidhani wamegombana.

"Haya, sema," fundi alisema.

"Anza wewe."

"Nimeshaanza. Sasa ni zamu yako."

"Wewe anzisha tu, mimi namalizia."

Fundi akakuna kichwa. Akajaribu: mimi ni... kwa Kiingereza, akaacha.

"Teacher," mkewe akajibu papo hapo.

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana. Lakini ndivyo inavyoishia."

Fundi akajaribu tena na tena, na kila alichoanzisha mkewe alikimalizia barabara, kwa sauti ya darasani. Alipomwambia aseme jambo lake mwenyewe, lolote, hata kwamba jua ni kali, Mama Shuka alifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Maneno aliyajua. Jua alilijua, ukali aliujua. Kilichokosekana ni kile kidogo cha kutangulia, kile ambacho siku zote kilitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea mlango. "Baba watoto," alisema, "mimi nina mikia tu. Vichwa vyote anavyo Mwalimu."

"Basi siku ya usaili nitampakia Mwalimu kwenye baiskeli."

Alisema hivyo kumchekesha, lakini mkewe hakucheka.

Kesho yake aliwahi darasani kabla ya wengine, akamweleza Mwalimu Nukta. Mwalimu alisikiliza huku akifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Aliumia, hilo lilionekana, lakini hakukasirika.

"Unataka kuniambia nimewafundisha nusu?"

"Hapana, Mwalimu. Umetufundisha yote. Sisi ndio tumeshika nusu."

"Mbona mnajibu vizuri hivyo?"

"Kwa sababu unatuuliza vizuri hivyo."

Siku ile alijaribu kubadilika. Alisimama mbele ya darasa na kusema kwamba leo yeye hataanza, wataanza wao. Darasa likatulia kama matanga. Dereva aliyekuwa akisinzia akaamka kwa sababu ya ukimya. Mwalimu akangoja, akatokwa na jasho, kisha akapata wazo: yeye atoe mkia, wao watoe kichwa. Akaandika neno la mwisho ubaoni, akaligeukia darasa na kiganja wazi.

"Mwalimu," mlinzi wa benki alisema kwa upole, "hiyo imeshaisha."

Wakacheka wote, Mwalimu naye. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi kwenye wimbo wake bila kujitambua, sauti ikipanda mwishoni mwa kila sentensi, nao wakidaka. Hata yeye alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo. Jambo la namna hiyo halitoki alasiri moja. Mama Shuka peke yake hakuitikia. Alikaa amefunga mdomo, akijizuia kama mtu anayejizuia kupiga chafya.

Siku zikayoyoma. Watu wawili wa kile kiwanda cha nje wakaja na futi kupima upana wa mlango wa ua, waone lori lao litaingiaje kinyumenyume. Walikuwa vijana wenye adabu, wakasalimia vizuri. Bi Pasi aliwajibu kwa mvuke wa pasi.

"Unaendeleaje na masomo?" alimuuliza Mama Shuka walipoondoka.

"Naendelea, dada."

"Umeiva?"

"Naendelea."

Hakuwaambia. Kila mmoja pale ndani alikuwa ameanza kupanga maisha yake juu ya mikia ile. Alipoleta mashati yangu chumbani aliniuliza mimi, kwa kuwa nimetembea, mtu huanzaje kusema lugha ya wenyewe. Nilimpa maneno marefu kuhusu kujiamini. Akanitazama kama anavyotazama doa la mafuta kwenye hariri, akaniachia mashati, akashuka.

Usaili ulifanyika ofisini kwa meneja, ghorofani, kwenye baridi ya kiyoyozi. Yaliyotokea humo nimeyapata kwa Mama Shuka mwenyewe na kwa Bi Pasi, aliyekuwa amesimamisha toroli la taulo nje ya mlango na kuzihesabu taulo zilezile muda wote. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, sketi imejikunja kwa safari. Alipopita mlangoni Bi Pasi alimnong'oneza mhudumu wa vyumba, "Sketi hii na pasi hawajawahi kutambulishana."

Ndani ilikuwa Kiingereza kitupu, ndiyo masharti. Mkaguzi alimsalimia Mama Shuka na kumkaribisha aketi, *please sit*...

"Down," akamalizia Mama Shuka.

Mkaguzi akatabasamu. Alikuwa na mazoea ya kuangalia karatasi zake katikati ya sentensi, na kila alipoinamisha macho, sentensi ilibaki wazi. Umefanya kazi hapa kwa... Miaka mingi, akadakia Mama Shuka. Kazi yenu kubwa ni kufua... Mashuka. Na wageni wanapolalamika huwa wanalalamikia... Madoa. Meneja alianza kupumua. Nje, Bi Pasi alikuwa anasikia majibu yakitoka haraka namna ile, akapangua taulo kwa furaha akazipanga upya.

Kisha mkaguzi akafunika faili. Akaegemea nyuma, akamwambia sasa nataka wewe uniambie. Chochote. Habari za kazi yako, siku yako, upendavyo.

Mama Shuka akafungua mdomo.

"Nilidhani wamekufa wote mle ndani," Bi Pasi aliniambia baadaye. "Nilisikia kiyoyozi tu."

Mkaguzi akarudia polepole zaidi. Akabadilisha swali, akalifanya dogo. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Shuka aliyaona maneno yote yamejipanga mbele yake kama nguo kwenye kamba, na hakujua ashike lipi kwanza. Mikono ilikuwa mapajani, haina cha kufanya, na ilimwelemea. Mwishowe mkaguzi akafungua faili tena, akaandika mstari mfupi. Mama Shuka hakuusoma, lakini aliona mkono ulivyokwenda. Akamwaza Bi Pasi, akawawaza vijana wenye futi.

Mkaguzi akasema basi, twende nikaone chumba chenyewe. Hakusema kwa ubaya. Kukagua mashine kulikuwa sehemu ya kazi yake vilevile. Wakashuka ngazi, meneja mbele, mkaguzi katikati, Mama Shuka nyuma, na Bi Pasi akawapita kwa ngazi ya watumishi ili awe kwenye pasi yake wakifika.

Sasa, chumba kile kina desturi yake. Hakuna anayesimama mikono mitupu. Ni chembamba, matoroli hayaishi kupita, na mtu asiye na kazi huwa njiani mwa mwenye kazi. Meneja akishuka hupewa foronya azigeuze. Mimi niliyekwenda kuchukua mashati nilikunja taulo kabla ya kuyapata. Walipoingia, mashine ya kukaushia ilikuwa imesimama wakati huohuo, na ndani yake kuna mashuka ya vitanda vipana. Mashuka hayo hayangoji. Yatolewe na moto wake, la sivyo yanashika mikunjo na kurudi kwenye maji.

Mama Shuka alifanya alichofanya kila siku. Alifungua mlango wa mashine, akavuta shuka, akampa ncha mbili mtu aliyekuwa karibu. Mtu huyo alikuwa mkaguzi. Mkaguzi akaangalia ncha zilizo mkononi mwake, akaweka faili juu ya rafu ya sabuni, akazishika vizuri.

Shuka la kitanda kipana hukunjwa na watu wawili wanaoelekeana, na mmoja tu ndiye mwenye kauli. Ni yule aliyeshika pindo pana. Yeye husema vuta, husema njoo, husema shika hapa, na mwenzake hufuata. Kila mtu akikunja kwa akili yake shuka linajisokota kama kamba. Pindo pana pale ndani lilikuwa la Mama Shuka miaka yote. Akalishika, akarudi nyuma, akafungua mdomo kusema vuta. Akakumbuka kwamba huyu hasikii Kiswahili.

"Pull," akasema.

Mkaguzi akavuta.

"Come." Mkaguzi akaja. "Give me. Now hold here." Akashika hapo. Wakarudi nyuma tena, shuka likanyooka kati yao. Mkaguzi akageuza upande usiotakiwa, na Mama Shuka akamkatiza bila kusita, sivyo hivyo, upande mkubwa uwe juu, akasema yote hayo kwa Kiingereza, *the big side*, akiwa na *the* yake mahali pake. Mkaguzi akauliza, hivi? Ndiyo. Wewe ni mzuri, Mama Shuka akamwambia, unajifunza upesi. Shuka likawa mraba safi, akaliweka kwenye toroli, akavuta la pili.

Bi Pasi alikuwa ameinua pasi hewani na kusahau kuishusha. "Kiingereza sikijui," aliniambia, "lakini namjua mtu anayetoa amri."

Wakaendelea. Shuka la tatu mkaguzi akauliza kwa nini lazima yakunjwe yakiwa moto. Mama Shuka akafikiri huku mikono ikienda. Shuka baridi linakumbuka, akajibu, shuka moto linasahau. Hakubandika *s* hata moja, na Mwalimu Nukta angevunja chaki. Mkaguzi akarudia maneno yale kwa sauti ya chini, akaomba ncha nyingine. Akauliza itakuwaje shati la mgeni likiungua. Mama Shuka akasema: mimi ninakwenda kwa mgeni. Mimi ninasema, bwana, habari za asubuhi, mimi ndiye dobi. Mimi nimeunguza shati lako. Mimi nasikitika. Kila sentensi ilianza na yeye mwenyewe amesimama mlangoni. Mkaguzi akauliza je, una familia. Nina mume, Mama Shuka akajibu, na kwa Kiingereza mume akawa mwanamke anayetengeneza baiskeli, na wote wawili wakapita juu ya hilo bila kujikwaa.

Toroli lilipokaribia kujaa, mkaguzi alianza swali jingine na ncha ikamponyoka. Akainama kuiokota, na sentensi ikabaki wazi vilevile kama zilivyobaki kule juu. Chumba kizima kiliisikia ikining'inia. Mama Shuka hakuidaka. Alingoja mwenzake anyooke.

"Finish," akamwambia. Maliza.

Mkaguzi akacheka, akasema ameshasahau alichotaka kuuliza.

Shuka la mwisho lilipokunjwa alichukua faili lake, akakata mstari aliouandika ghorofani na kuandika mwingine chini yake. Kisha, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha meneja, akasema, "Mama, wewe una Kiingereza cha kufanyia kazi. Hizo herufi za mwisho mwisho utaendelea nazo darasani, usiache. Lakini chumba kina msimamizi. Lori halitakuja."

Hakuna aliyepiga kelele. Palikuwa na pumzi moja ndefu iliyotoka kwa watu wote kwa pamoja, kama mashine inapoachia mvuke. Meneja akavaa miwani yake, ikajaa ukungu, akaiacha hivyo hivyo, anatabasamu nyuma yake.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Bi Pasi. "Kumbe Kiswahili unasikia?"

"Nimezaliwa nacho. Masharti ya kampuni ndiyo yananizuia."

"Tangu kule juu ulikuwa unasikia?"

"Tangu mlangoni," mkaguzi alisema. "Mpaka habari za sketi."

Bi Pasi alifikiri kidogo. Akatoa kanga safi kwenye rafu, akamnyooshea. "Jifunge hii, mama, uivue tuinyooshe. Huwezi kutoka humu ndani ukiwa hivyo, watatucheka sisi."

Mkaguzi akajifunga kanga. Aliondoka alasiri ile na sketi yenye mkunjo mmoja tu, ule unaotakiwa.

Mimi nilishuka baada ya kuona kwamba sakafu yangu imepoa saa isiyo ya kupoa. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mama Shuka alikuwa amejilaza juu ya rundo la taulo chafu, miguu imenyooshwa, jambo ambalo mwingine angelifanya angefukuzwa naye mwenyewe. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wanamtaka awasemeshe Kiingereza, hata neno moja, wamsikie msimamizi wao.

"Niacheni," alisema, macho yamefumbwa. "Nimekiweka chini kwanza."

Jioni mumewe alikuja kumpokea kwenye geti la ua. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, na hakuuliza kitu mpaka mkewe alipomfikia kabisa.

"Chumba kinabaki," Mama Shuka alisema.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye msimamizi."

Fundi aliitazama barabara upande mmoja, akaitazama upande wa pili, kama mtu anayetaka kuvuka. Kope zilikuwa zimelowa. "Ulianzaje?" aliuliza.

"Hata sijui. Mashuka yalikuwa moto."

Akampisha akae nyuma ya baiskeli, lakini Mama Shuka alisema leo atatembea. Wakaondoka taratibu, fundi akikokota baiskeli, mkewe pembeni akiongea mfululizo, akieleza toka mwanzo, akirudi nyuma alipokuwa ameruka, na fundi hakupata nafasi ya kutia neno mpaka walipokata kona.